BWANA SHAMBA ANASEMA: Baiskeli Bila Spea ni Chuma cha Ukutani

  

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kuanika dagaa kwenye chanja badala ya mchangani. Msomaji mmoja wa Katonga ameniuliza swali. Anasema: "Bwana Shamba, dagaa wangu sasa ni wasafi. Lakini nitawafikishaje sokoni? Baiskeli yangu imekufa tangu masika."

Swali hilo ni zuri. Mazao yakikaa kijijini si fedha. Yakifika sokoni ndipo huwa fedha.

Basi, mwezi huu tuzungumze juu ya baiskeli. Sitakueleza jinsi ya kuziba pancha. Hilo unalijua. Nataka tuzungumze juu ya watu wawili. Wa kwanza ni mfanyabiashara anayeuza baiskeli na spea zake. Wa pili ni mtetezi wa baiskeli. Huyu ni yule anayewashauri watu waitumie. Anaweza kuwa mwalimu, mganga wa zahanati, mwenyekiti wa kikundi, au bwana shamba kama mimi.

Je, watu hawa wawili wanaweza kufanya kazi pamoja? Naam, wanaweza. Lakini wasipoangalia, watamwumiza mwanakijiji. Najua, kwa sababu niliwahi kufanya kosa hilo mwenyewe.

FAIDA TUNAIJUA

Simama alfajiri kando ya barabara ya Mwandiga kwenda Kigoma. Utaona baiskeli zenye madumu ya mawese. Utaona mikungu ya ndizi na magunia ya mkaa. Nenda Kibirizi asubuhi, mitumbwi inapofika. Utaona baiskeli zinangoja dagaa na migebuka.

Tupige hesabu. Dumu la lita 20 likijaa mawese lina uzito wa kilo 18 hivi. Mama akibeba kichwani, huchukua dumu moja. Baiskeli yenye keria imara huchukua madumu 2, na zaidi. Kutoka Mwandiga hadi Kigoma mjini ni kama kilometa 10. Kwa miguu, na mzigo kichwani, hupita saa 2. Kwa baiskeli ni kama saa 1, hata kama utashuka kuisukuma kilimani.

Siku hizi kuna pikipiki za bodaboda. Hufika haraka, nami sizikatai. Lakini pikipiki hudai petroli kila siku. Baiskeli hudai ugali wa mwenyewe tu. Tena tusisahau kwamba hata jina la bodaboda lilitoka kwenye baiskeli. Katika miaka ya 1960, vijana wa mpakani mwa Kenya na Uganda, upande wa Busia, walibeba abiria kwa baiskeli kutoka mpaka mmoja hadi wa pili. Mpaka kwa Kiingereza huitwa boda. Ndipo likaja jina la bodaboda.

Kwa hiyo faida ya baiskeli tunaijua. Shida yetu iko mahali pengine. Pita nyumba kwa nyumba kijijini kwako. Utaona baiskeli zimeegemea ukuta. Moja haina tairi. Nyingine haina mnyororo. Kuku wanalala juu yake. Mwenyewe anakwenda sokoni kwa miguu.

KOSA LANGU

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nafanya kazi katika kijiji kimoja cha milimani. Nisikitaje. Wakulima walikuwa na mawese na maharage, lakini soko lilikuwa mbali. Nikawashauri wanunue baiskeli. Nilisema sana, mkutanoni na shambani.

Mfanyabiashara mmoja akasikia. Akanifuata. Akasema: "Bwana Shamba, mimi ninazo baiskeli, bei nafuu. Waambie watu wako waje." Kisha akaniuzia mimi baiskeli moja kwa nusu ya bei. Akasema: "Hii ni ya kukusaidia kazini." Nikafurahi. Sikuona ubaya.

Wakulima 12 wakanunua. Mmoja wao alikuwa mama mjane, mkamuaji wa mawese. Aliuza mbuzi wake 2 ili atimize fedha.

Haikupita miezi 3. Rimu za nyuma zikaanza kupinda kwa uzito wa madumu. Spoku zikakatika. Nikaenda kwa mfanyabiashara kuuliza rimu nyingine. Akajibu: "Spea za namna hiyo sina. Mimi nimeuza, nimemaliza."

Nikarudi kijijini na jibu hilo. Yule mama hakupiga kelele. Aliniuliza swali moja tu: "Bwana Shamba, siku ile ulikuwa unatusemea sisi, au ulikuwa unamsemea yeye?"

Nilikosa jibu. Nilikuwa nimeketi juu ya baiskeli yangu ya nusu bei.

Nilimtafuta fundi mmoja wa Ujiji, mzee wa kazi. Akaigonga ile rimu kwa kidole. Akasema: "Mwanangu, bati hili ni jepesi. Hii ni baiskeli ya kwenda kusalimia, si ya kubeba mawese." Nilinunua rimu nzito kwa fedha yangu, akamfungia yule mama. Lakini wale wengine 11 sikuweza kuwasaidia wote. Baiskeli 7 zilibaki ukutani.

Tangu siku hiyo nimejifunza jambo. Mtetezi na mfanyabiashara washirikiane, ndiyo. Lakini mapatano yao yawe mbele ya watu, na yaandikwe.

KILA MMOJA AMEPUNGUKIWA

Kwa nini basi nisiseme tuachane na wafanyabiashara? Kwa sababu kidole kimoja hakivunji chawa.

Mfanyabiashara ana mtaji. Ana duka. Anajua mahali pa kununua bidhaa Dar es Salaam na jinsi ya kuzileta kwa treni au kwa lori. Lakini hajui kijijini kwako kuna baiskeli ngapi, wala zimeharibika nini. Anaogopa kuleta spea ambazo zitakaa dukani mwaka mzima.

Mtetezi wa baiskeli hana duka wala mtaji. Lakini anawajua watu, nao wanamsikiliza. Anajua nani anahitaji nini.

Siku moja niliingia katika duka moja la spea. Nikauliza: "Ndugu, kwa nini huna ekseli za nyuma?" Akajibu: "Nitamwuzia nani? Hakuna anayeuliza." Jioni nikafika kijijini. Nikawauliza watu: "Kwa nini hamwendi kununua ekseli?" Wakajibu: "Tutauliza nini? Duka halina."

Unaona? Mwenye duka anamngoja mnunuzi. Mnunuzi anamngoja mwenye duka. Katikati yao baiskeli inaota kutu. Anahitajika mtu wa kupeleka habari. Mtu huyo ndiye mtetezi wa baiskeli.

MFANO WA JIRANI ZETU WA ZAMBIA

Ukifuata ziwa letu kusini mpaka mwisho wake, utafika Mpulungu, nchi ya Zambia. Huko Zambia watu wa biashara na watu wa huduma walishirikiana. Tuwatazame.

Tarehe 26 Desemba 2004, tetemeko chini ya bahari lilileta mawimbi makubwa yaitwayo tsunami. Watu wengi sana wa Asia walikufa au walipoteza mali. Huko Marekani, katika mji wa Chicago, kuna kampuni ya kutengeneza spea za baiskeli iitwayo SRAM. Mkubwa mmoja wa kampuni hiyo, F.K. Day, pamoja na mkewe Leah Missbach Day, walianzisha shirika mwaka 2005. Jina lake ni World Bicycle Relief. Kwanza walipeleka baiskeli zaidi ya 20,000 Sri Lanka.

Mwaka 2006 wakaanza kazi Zambia. Huko walikuwako wahudumu wa kujitolea waliowatembelea wagonjwa wa UKIMWI majumbani. Wahudumu hao walikwenda kwa miguu, kijiji hadi kijiji. Kwa kushirikiana na mashirika ya huduma, walipewa baiskeli zaidi ya 20,000.

Sasa angalia mambo 3 waliyoyafanya.

Kwanza, waliona kwamba baiskeli za kawaida hazivumilii njia za vijijini. Wakaunda baiskeli nzito na imara, wakaiita Buffalo, maana yake nyati. Keria yake imeundwa kubeba hadi kilo 100.

Pili, hawakuleta baiskeli peke yake. Waliwafundisha mafundi wa vijijini, na waliuza spea zinazofaa baiskeli hiyo.

Tatu, baiskeli hazikugawiwa bure tu. Nyingine huuzwa kama biashara, kwa mkulima na kwa muuza maziwa. Kwa njia hiyo duka la spea hupata wateja, na fundi hupata kazi, hata msaada ukiisha.

Sisi hatuna kampuni ya Chicago. Lakini fikra hiyo tunaweza kuichukua. Baiskeli, spea na fundi ni mafiga 3. Ukiondoa figa moja, chungu kinaanguka.

MAPATANO 5

Haya ndiyo mapatano ninayoyashauri kati ya kikundi cha kijiji na mfanyabiashara.

1. Orodha iandikwe kwanza. Kikundi kihesabu baiskeli zote za kijiji. Ngapi zinatembea? Ngapi zimekufa? Zimekufa kwa kukosa nini? Andika: tairi, tyubu, mnyororo, spoku, gololi, ekseli, pedeli, rimu. Andika na saizi. Tairi ya 28 haiingii kwenye rimu ya 26. Orodha hiyo mpelekee mfanyabiashara. Kwake yeye karatasi hiyo ni mali. Inamwambia alete nini, na kiasi gani.

2. Spea zitangulie baiskeli. Wazee wanaikumbuka baiskeli ya Swala, iliyotoka kiwanda chetu cha NABICO, Dar es Salaam. Leo baiskeli zetu nyingi hutoka China na India, namna kwa namna. Kabla kikundi hakijakubali baiskeli yoyote, mfanyabiashara aonyeshe spea zake rafuni. Kama hana spea, jibu ni moja: ngoja kwanza.

3. Fundi awepo kijijini. Kikundi kichague vijana 2, na mmoja anaweza kuwa msichana. Wajifunze kwa fundi mzoefu. Mfanyabiashara awakopeshe spana, pampu na kifaa cha kunyooshea rimu. Wao walipe kidogo kidogo kutokana na kazi. Mfanyabiashara hapotezi. Kila fundi wa kijiji ni mteja wake wa kila wiki.

4. Malipo yawe kwa kikundi. Tuseme baiskeli inauzwa shilingi 300,000. Watu 10 wanaungana. Kila mmoja anatoa shilingi 7,500 kwa wiki. Kwa wiki moja ni shilingi 75,000. Kwa wiki 4 ni shilingi 300,000. Kwa wiki 40 watu wote 10 wana baiskeli. Nani aanze? Pigeni kura.

Sasa tuseme mfanyabiashara amekubali kupunguza bei hadi shilingi 280,000, kwa kuwa ana wateja 10 wa uhakika. Kila baiskeli imeokoa shilingi 20,000. Baiskeli 10 zimeokoa shilingi 200,000. Fedha hiyo msigawane. Nunueni sanduku la spea la kikundi.

Pangeni pia juu ya miezi migumu. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane. Aliyekuwa na deni la kulipa kwa dagaa alipata taabu. Kwa hiyo andikeni mapema: miezi ya taabu tutalipa nusu, miezi ya mavuno tutalipa zaidi.

5. Mtetezi asipokee zawadi ya siri. Akipewa kitu, kitajwe mkutanoni na kiandikwe katika kitabu. Asiuze baiskeli kwa mlango wa nyuma. Baiskeli ya kwanza ijaribiwe mbele ya watu, na mzigo kamili, kupanda na kushuka kilima, kwa wiki 2. Ikishindwa, irudishwe. Mfanyabiashara mwaminifu hataogopa jaribio hilo.

AKINA MAMA WASIACHWE

Mwaka 1985 ulianza mradi wa usafiri vijijini huko Makete, nyanda za juu za kusini. Wataalamu waliwafuata watu katika safari zao za kila siku. Wakaona kwamba safari nyingi za mwanakijiji si za mbali. Ni za maji, kuni, shamba na mashine ya kusaga. Wakaona pia kwamba sehemu kubwa ya mizigo hiyo hubebwa na wanawake, tena kichwani.

Je, kwetu si hivyo hivyo? Mama hubeba kichwani, na baiskeli ya nyumba huendeshwa na baba.

Hapa pia kuna kazi ya watu wawili. Mfanyabiashara alete fremu zisizo na mtalimbo wa juu, ili mama aliyevaa khanga apande bila taabu. Mtetezi naye azungumze na akina baba. Atafute uwanja wa shule siku ya Jumamosi, akina mama wajifunze kuendesha bila kuchekwa. Mfanyabiashara akiazima baiskeli 2 kwa mafunzo hayo, hatajuta. Anayejifunza leo atanunua kesho.

SAUTI MOJA JUU YA BARABARA

Sasa barabara ya kwenda Manyovu ina lami. Ni jambo jema. Lakini magari yanakwenda mbio, na mwenye baiskeli yenye madumu hana pa kukimbilia. Usiku hali ni mbaya zaidi. Mfanyabiashara alete taa na viakisi mwanga, auze kwa faida ndogo. Mteja aliyegongwa hanunui tena tairi.

Tena tusisubiri wengine waamue juu yetu. Wengi wetu tuna ndugu Bujumbura. Machi 2022, wakuu wa Burundi walizuia baiskeli, pikipiki na bajaji za abiria kuingia katikati ya mji huo. Vijana wengi waliishi kwa kazi hiyo.

Dar es Salaam waendesha baiskeli waliunda umoja wao, UWABA. Wamefanya misafara barabarani, mamia ya baiskeli pamoja, kudai njia salama. Sisi hatuhitaji msafara mkubwa. Tunahitaji watu wachache waende kwenye Halmashauri ya Kijiji na kwa diwani. Wasema: "Tunaomba daraja la miti pale mtoni litengenezwe. Tunaomba njia ya pembeni pale sokoni." Wakienda wakulima peke yao, watasikilizwa kidogo. Wakienda wakulima, mafundi na wenye maduka pamoja, watasikilizwa zaidi. Maana wenye maduka hulipa ushuru, na wakulima hupiga kura.

KAZI YA MWEZI HUU

Ndugu msomaji, wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Elimu hiyo isilale. Chukua daftari. Chora mistari 4. Mstari wa kwanza: jina la mwenye baiskeli. Wa pili: inatembea au imekufa. Wa tatu: imekosa nini. Wa nne: saizi gani. Pita nyumba 20 tu. Kisha mpelekee mwenye duka la spea aliye karibu nawe. Mwulize ataleta lini, na kwa bei gani. Jibu lake liandike chini, na tarehe. Wazee husema biashara haigombi. Basi zungumza naye kwa upole, lakini kwa maandishi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kijijini kwetu kuna baiskeli ngapi ukutani? Kwa sababu gani?
2. Je, ni vibaya mshauri kupokea zawadi kwa mfanyabiashara? Kwa nini?
3. Akina mama wangapi wa darasa hili wanajua kuendesha? Wangapi wangependa kujifunza?

Kabla sijaaga, nikueleze habari za yule mama mjane. Bado anakamua mawese. Baiskeli yake bado inatembea kwa ile rimu nzito. Tukikutana hunisalimia vizuri. Lakini kila nikimletea shauri jipya, iwe mbegu au dawa au mashine, hunisikiliza mpaka mwisho. Kisha huuliza: "Nani anapata nini?"

Siku hizi namjibu kabla hajauliza.

Kwaheri mpaka mwezi ujao. Tutazungumza juu ya kupanda michikichi mipya.

Ni mimi,
Bwana Shamba wenu.